Punje Tuliyoiachia Barabara

Nitawataja wote waliokuwa uani kwetu siku ile, kwa sababu baadaye, walipoulizwa mmoja mmoja, karibu kila mtu alisema alikuwa anapita tu. Alikuwepo baba yangu, fundi Amisi. Alikuwepo patroni Hamadi, mwenye lori. Alikuwepo Maulidi, mdogo wake patroni, aliyesafiri na lori kulinda mizigo. Kisubi, dereva, alikuwa amekaa juu ya jiwe akila mikate ya Mama Sakina, na Mama Sakina mwenyewe alikuwepo na kikaango chake kando ya ukuta wetu. Nilikuwepo mimi, mwenye miaka kumi na mmoja, na Mwamini mgongoni, maana mama yetu alikufa kwa kumzaa Mwamini na tangu hapo mgongo wangu ulikuwa kitanda chake. Na Yusufu, mwenye miaka sita, alikuwa anachezea vizibo vya chupa. Watu wanane. Hakuna aliyekuwa anapita.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Sakina. Sasa tumebaki watano, na nimeona niandike kabla hatujawa wawili. Sina elimu kubwa, shule niliiacha mapema na nitasema kwa nini. Lakini ninyi wa rika langu mliokulia Kasongo mtanielewa, kwa sababu lori lile mlilijua.

Lilikuwa lori la pua ndefu, la kijani kilichofifia, lililobaki tangu enzi za Wabelgiji. Injini yake ilikwisha kubadilishwa mara mbili, mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya mpira, lakini honi ilikuwa ile ile, na ilipolia kwenye kona ya soko watoto tuliacha kila mchezo tukakimbia. Tuliamini lina roho. Mimi niliamini kuliko wenzangu, kwa kuwa baba yangu ndiye aliyejua roho hiyo inakaa wapi.

Mvua za mwaka ule ziliiharibu njia ya Kabambare hata baiskeli zikabebwa mabegani. Patroni akataka lori liinuliwe mbele, lisiendelee kuburuta tumbo kwenye matope. Baba akapata malame, yale mabamba marefu ya chuma yanayobeba uzito wa gari, kutoka kwa lori lililokufa, akayaongeza mawili kila upande. Siku ya nne lori lilisimama pua juu kama mbuzi anayetaka majani ya tawi. Kisubi alilizunguka akitafuna, akasema sasa mke wake atadhani ameacha udereva, amekuwa mkata michikichi, kwa jinsi atakavyopanda kufikia usukani. Hata patroni alicheka.

Ukishainua lori, kazi haijaisha. Ili kuingiza mabamba baba alikuwa ameshusha chuma kizima kinachobeba magurudumu ya mbele, na kufungua fimbo ndefu inayoyaunganisha yageuke pamoja. Ukiirudisha fimbo hiyo bila kupima, gurudumu moja linatazama Kabambare na lingine linatazama Kindu. Tairi zinalika, usukani unavuta, na penye mteremko dereva anapigana na gari.

Baba alipima hivi. Aliinua gurudumu kwa kriki, mimi nikapaka pemba mbichi katikati ya tairi, mzunguko mzima. Mpaka leo harufu ya udongo ule mweupe uliolowa, ikichanganyika na grisi, hunifanya nitafute mtoto mgongoni. Kisha alilizungusha gurudumu huku ameshika msumari juu ya kigogo, mkono usitikisike, na msumari ukachora ndani ya pemba mstari mwembamba kama uzi. Akafanya vile vile upande wa pili. Akalishusha lori, akawaambia wanaume walisukume mbele na nyuma mpaka mabamba yakae mahali pake. Ndipo akakata mwanzi mkavu, ukatosha sawasawa kutoka mstari hadi mstari, upande wa mbele wa magurudumu. Mimi nilishika ncha moja, yeye nyingine. Mwanzi ule ule tukaupeleka upande wa nyuma wa magurudumu hayo hayo, chini ya tumbo la lori. Mwamini nilikuwa nimempa Mama Sakina, nikalala kifudifudi.

Huko nyuma mwanzi haukufika. Ulibaki mwanya mdogo upande wa baba. Akatoa mfukoni punje moja ya mahindi, akaipenyeza kati ya ncha ya mwanzi na mstari. Ikakaa, haikubanwa na haikuanguka. Akatabasamu kwa namna aliyotabasamu kazi ikimridhisha, mdomo umefungwa.

Mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Wiki ile ile mwalimu alikuwa ametufundisha mistari miwili inayokwenda pamoja bila kukutana, akaniita ubaoni nioneshe kwamba umbali kati yake ni mmoja, mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo nikajua baba amekosea, na nikasema kwa sauti ya mtoto anayejua.

"Baba, mbele ni pafupi. Haiko sawa."

"Ile punje tunaiachia barabara, mama," akasema. Aliniita mama kwa kuwa nilibeba jina la mama yake.

Patroni akamwita tutoke chini ya lori, maelezo yakaishia hapo. Lakini mimi niliridhika. Bibi yangu, kabla ya kuvuka mto, alikuwa anatupa unga kidogo majini, na nikadhani barabara nayo ina sehemu yake. Nilimwona baba kuwa mtu mwenye adabu, anayemgawia hata yule asiyeomba. Sikumtilia maanani patroni, ambaye alikuwa amechuchumaa karibu na bampa na kunisikia, akiyatazama magurudumu kama mtu anayehesabu.

Baba alikaza fimbo, akafunga kila ncha kwa nati, na kila nati akaizuia kwa gupi, kile kipini cha waya mgumu kinachopita tunduni ili nati isijifungue njiani. Gupi za dukani hazikuwepo. Alikata spoki za baiskeli. Ya kwanza aliikunja mwenyewe, ya pili akanipa mimi. Nikazikunja ncha zake mbili kwa nje, kama pembe za mbuzi. Baba akasema gupi haihitaji kupendeza, lakini akaiacha hivyo hivyo.

Jioni lori likapelekwa kwa patroni kupakia chumvi na vitenge. Yusufu alidandia kama kawaida yake. Alirudi kwa miguu ameficha kitu ndani ya ngumi, ana furaha. Sikumuuliza. Nilikuwa napepeta mchele.

Kesho yake lori liliondoka, Kisubi kwenye usukani, Maulidi juu ya mizigo. Penye mteremko mmoja upande wa Wamaza magurudumu ya mbele yaliachana, kila moja likashika njia yake, na lori likaingia korongoni. Maulidi alirushwa, akavunjika mkono. Kisubi hakutoka. Habari ililetwa na mtu wa baiskeli, na aliyekuja kwanza nyumbani kwetu kulia alikuwa Mama Sakina, maana Kisubi alikula mikate yake ya mwisho kwa ahadi ya kulipa akirudi.

Baada ya matanga watu walikusanywa kwenye barza ya patroni. Wazee walikaa vitini, mama yake Kisubi alikaa chini, miguu imenyooshwa. Baba alisimama. Alieleza habari za fimbo na nati, lakini alieleza kifundi, na wenye uchungu hawasikii kifundi. Mama Sakina aliulizwa kama aliona lolote. Akasema yeye alikuwa anatazama mafuta yake. Ndipo patroni akasema hana haja ya mashahidi wakubwa, na akaniita mimi. Aliniita kwa upole, akanishika bega.

"Mutoto hasemi uongo," aliwaambia watu. Kisha akaniinamia. "Mama, siku ile uliona nini?"

Nikasema mbele palikuwa pafupi.

"Na baba yako akajibu nini?"

Nikamtazama baba. Hakunikonyeza, hakukunja uso. Nikasema, "Alisema ile punje ya mahindi tunaiachia barabara."

Kisha mama yake Kisubi akatoa sauti ambayo sijui kuiandika. Patroni hakuongeza neno ila moja.

"Mumesikia."

Walisikia dawa. Walisikia kwamba fundi Amisi aliweka punje kwenye gurudumu na kuiahidi barabara mtu. Wazee hawakumpiga wala hawakumtoza kitu. Walisema tu mkono wake usiguse gari tena, si Kasongo, si Kabambare, na mtu akamnong'oneza mwenzake kwamba mke wa fundi naye alikufa ghafla.

Tukiwa njiani kurudi baba alisimama. Alidhani nalia kwa kuogopa kupigwa. Akavua kandambili zake, akaziweka chini mbele yangu, ncha za mbele zikitazamana kidogo. Akasema hivi ndivyo magurudumu yanavyowekwa. Gari likianza kwenda, barabara inayasukuma, yanafunguka. Akazisukuma kandambili kwa kidole mpaka zikanyooka. "Ule mwanya wa punje, barabara inaula. Ndipo yanakuwa sawa. Ungeyaweka sawa tangu mwanzo, njiani yangekuwa miguu ya bata." Nilielewa mara moja. Nilikuwa mwepesi wa kuelewa, mwalimu alisema hivyo daima. Nilielewa nusu saa baada ya kumhukumu baba yangu.

"Ulisema ulichokiona," akaniambia, akavaa kandambili zake. Hakulirudia jambo hilo mpaka kufa kwake.

Mwaka mmoja alijaribu kulima. Kisha akaenda Lusangi kuchimba dhahabu na watu wasiomjua, kwa mikono iliyozoea spana. Alirudi mara mbili, amekonda, akikohoa vumbi. Mara ya tatu walimrudisha wenzake kwenye machela ya miti. Shimo lilikuwa limewaangukia.

Baada ya mazishi nilikuwa nafagia chumba, nikalihamisha kopo la Yusufu la vizibo. Likamwagika. Katikati ya vizibo palikuwa na gupi ya spoki, ncha zake zimekunjwa kwa nje kama pembe za mbuzi.

Nilikaa chini. Nikamwita Yusufu nikamuuliza taratibu, kwa sababu ukimkaripia mtoto anasahau. Akasema alipewa na kaka Maulidi, jioni ile, uani kwa patroni. Maulidi alikuwa chini ya lori, na patroni alikuwa amesimama na kamba ya kupimia, akimwambia fungua kidogo, fungua tena. Ile gupi ikatupwa, Yusufu akaiomba.

Nilimaliza kufagia. Nikamfunga Mwamini mgongoni ingawa alikuwa mkubwa, miguu yake ilinipiga mapajani, nikaenda kwa patroni. Alikuwa barzani anakunywa chai. Niliiweka gupi mezani karibu na kikombe na kumwambia niliikunja mimi, kwa mkono huu, na baba aliifunga yeye patroni akitazama. Aliitazama, akasogeza kikombe chake mbali nayo. Alijua.

"Gupi ziko mingi katika dunia, mama," akasema. "Hata mu baiskeli yoyote iko." Kisha akaisukuma gupi kwangu kwa kijiko, asiiguse. "Na wewe ulishasema mbele ya watu. Ukisema mara ya pili, nani atakusikia?"

Akaniuliza kama nyumbani kuna mchele. Aliagiza nipewe kapu. Nililiacha langoni mwake, wazi, ili kuku waule.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, Yusufu minane, Mwamini miwili. Shule niliiacha wiki ile. Watu walidhani ni kwa sababu ya njaa, na njaa ilikuwepo, lakini si hiyo tu. Sikutaka tena kukaa mahali ambapo nilisifiwa kwa kujua. Nilichimbua sanduku la spana ambalo baba alikuwa amelifukia chini ya jiko, nikaanza na baiskeli. Baadaye pikipiki. Walionicheka walikuwa wengi. Mmoja aliniuliza kama namtafuta mume chini ya magari, nikamjibu kwamba huko chini sijawahi kuona kitu cha kuoza upesi kama maneno yake. Baadaye akaniletea pikipiki yake, nikamtengenezea.

Nilipokuwa mkubwa madereva wa malori walianza kuja, kwanza kwa kujificha. Tairi nilizozipima mimi hazikulika. Napima mpaka leo kwa pemba, msumari na mwanzi, na mwanya wa punje moja ya mahindi. Na kila dereva, akiwa amechuchumaa ananitazama nikifanya kazi, nimemsimulia. Sikumzidishia patroni dhambi hata moja. Nimesema nilichosema mimi, kisha nikamwonesha gupi, kisha nikaendelea kukaza nati. Dereva ni mtu anayejua kuhesabu mwenyewe.

Magari ya patroni sikuyagusa. Sikuwahi kuyaharibu pia, ingawa usiseme sikufikiria. Lori lingechukua watu juu ya mizigo, akina mama na mbuzi wao, na mteremko haumjui mwenye kosa. Nilikataa tu. Dereva wake wa kwanza alimwacha, akaja wa pili akaondoka baada ya safari moja, na wa tatu alitaka gari lipimwe kwangu kwanza. Kufikia hapo patroni alikuwa na malori manne. Sasa moja limesimama nyuma ya soko, mbegu za mpapai zimeota kwenye kibao chake cha mbele, na watoto wanakwenda haja ndani yake. Nikipita hapo huwa napunguza mwendo. Sitaficha, huwa nafurahi.

Yusufu ni mwalimu sasa, na Mwamini ana watoto wanne. Yusufu, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, ananiambia, "Yaya, imetosha. Huyo ni mzee." Anasema kwa mapenzi. Namwambia yeye alipoteza baba, mimi nilimtoa kwa kinywa changu. Kisha humpakulia chakula.

Mwaka jana Maulidi alikuja na pikipiki ya kukodi. Alikaa bila kukaribishwa, ule mkono uliovunjika umekaa vibaya pajani. Alisema yote. Walipokuwa wanapakia, kaka yake alimwambia alinganishe mbele na nyuma, kwa kuwa hata mtoto wa fundi ameona kosa. Gupi ikakatika ncha moja alipoing'oa kwa nguvu bila kuinyoosha, ndiyo maana akampa Yusufu, na mahali pake akafunga waya wa kawaida, ulio laini. Alikusudia kutafuta gupi nyingine asubuhi.

Kumbe ilikuwa imekatika. Niliitoa mfukoni nikaitazama. Kweli, pembe moja ni fupi kuliko nyingine. Miaka yote hiyo nilidhani niliikunja vibaya.

Kisha akaleta ujumbe wake. Kaka yake ameishiwa nguvu, anataka kuniomba radhi. Niende chumbani kwake, tuongee wawili, tumalize.

"Alisema barzani," nikamjibu. "Ajibu barzani."

"Hawezi kutembea, dada."

"Abebwe mabegani kwa kipoyi. Wakubwa wa zamani walibebwa hivyo."

Akauliza, "Na mimi?"

"Wewe utausema ule waya mbele ya mama yake Kisubi. Angali hai, na masikio yake ni mazima."

Aliondoka akisema atarudi na jibu. Hajarudi.

Nasikia sasa mzee Hamadi hali kitu ila uji. Binti yake hukutana nami sokoni na kunisalimu kwa heshima sana, kama watu wanavyomsalimu mtu wanayemwogopa. Wiki iliyopita nilimwambia asiwe na wasiwasi, mazishini nitakuja. Anajua maana yake. Kwetu, kabla jeneza halijanyanyuliwa, mtu wa familia husimama na kuuliza kama yupo anayemdai marehemu. Watu huinamisha vichwa, hata mwenye dai hulimeza kwa haya, na maiti huondoka ikiwa nyepesi. Mimi nitakuwa nimesimama karibu na mlango, na sitainamisha kichwa, na nitasema kwa kirefu, tangu pemba hadi waya, jua liwake juu ya jeneza lake.

Wala sipendi iwe hivyo. Nataka aseme akiwa hai, kwa kinywa chake, jina la baba yangu na neno fundi pamoja. Kutoka kitandani mwake hadi barzani ni hatua kumi na mbili. Binti yake ndiye aliyeniambia. Mpaka naandika haya hajazipiga.